Shingo isiyo na alama: namna waganga walivyojifunza kuuliza

Kwa muda mrefu waganga walijua kusoma shingo ya maiti kuliko shingo ya mtu aliye hai. Mwaka 1897, kule Paris, muganga Paul Brouardel alitoa kitabu juu ya watu waliokufa kwa kunyongwa na kukosa pumzi. Kabla yake, Ambroise Tardieu, Mfaransa pia, alikuwa amekwisha kueleza vitone vya damu vinavyopatikana ndani ya mwili wa mtoto aliyezibwa pumzi. Elimu hiyo ilimsaidia hakimu: mtu amekufa, nani amemuua? Haikumfikia upesi mwanamke aliyekabwa koo na bwana wake usiku, akapona, na asubuhi akaenda kuchota maji.

Mabadiliko makubwa yalitoka San Diego, Marekani. Mwaka 1995 wasichana wawili wa mji huo waliuawa na wapenzi wao. Vifo hivyo viliwasumbua waendesha mashtaka. Mmoja wao, mama Gael Strack, alifungua tena pamoja na wenzake mafaili 300 ya polisi ya watu waliosema wamekabwa koo. Matokeo yalitolewa 2001, pamoja na maelezo ya muganga wa dharura George McClane. Nusu ya watu hao polisi hawakuona kwao alama hata moja. Wengine alama zilikuwa hafifu, hazifai kupigwa picha. Ni asilimia 15 tu waliokuwa na picha ya kuonyesha tribinali. Ndiyo maana kesi nyingi zilikuwa zimeachwa: shingo safi, basi mama anasema uongo!

Mwili wenyewe unaeleza sababu. Mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani inafungwa kwa uzito wa kilo 2 hivi. Ile inayopeleka damu kwenye ubongo, kilo 5 hivi. Njia ya pumzi inahitaji karibu kilo 15. Kwa hiyo mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi huku njia ya pumzi bado iko wazi, na ngozi isionyeshe kitu.

Tangu hapo waganga wanafundishwa kutafuta mahali pengine. Wanaangalia vitone vyekundu ndani ya macho, nyuma ya masikio na mdomoni. Wanasikiliza sauti iliyokwaruza. Wanauliza kama kumeza mate kunauma, kama aliona giza, kama kuna dakika asizokumbuka, kama alijikojolea. Hilo la mwisho mama wengi wanalificha kwa haya, na lenyewe linaonyesha kwamba huenda alizimia. Mwenye mimba, mtoto wa tumboni naye anapimwa.

Swali linaulizwa wazi: « Aliweka mikono kwenye shingo yako? » Ukimuuliza mama kama alipigwa, anaweza kujibu hapana, maana kwake kukabwa si kupigwa. Tena linaulizwa bwana akiwa nje. Katika kituo cha afya cha hema, kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani, hapo ndipo kazi inakuwa ngumu. Hema halina ukuta, na mara nyingi mtafsiri ni shemeji. Muuguzi mwenye akili anamwita mama peke yake kwa kisingizio cha kupima uzito.

Swali hilo lina uzito wake. Mwaka 2008 uchunguzi wa Nancy Glass na wenzake, huko Marekani, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzake yuko kwenye hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko yule ambaye hajawahi kukabwa. Hivyo muganga haandiki « ugomvi wa nyumbani ». Anaandika maneno ya mama jinsi alivyoyasema, saa, mkono mmoja au miwili, na anauliza kama leo ana mahali pengine pa kulala.

Hospitali kubwa zinapiga picha ya mishipa ya shingo kwa skana, kwa sababu mshipa uliochanika ndani unaweza kuziba baadaye. Pasipo skana, mgonjwa anabaki chini ya uangalizi, na anaambiwa yeye pamoja na mtu anayemwamini: hata zikipita siku kadhaa au wiki, akianza kukosa pumzi, shingo ikivimba, mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikatika, arudishwe siku hiyohiyo.