Kobe, vidole na ubao: jinsi watoto wa shule walivyoanza kufundishwa kompyuta

Katika Kongo, kupiga mashine kulikuwa kwa muda mrefu kazi ya karani. Aliyejua daktilo alipata kiti ofisini. Shule za sekondari ziliweka somo la daktilografi katika seksio ya komersiali, na mwanafunzi wa seksio nyingine aliweza kumaliza masomo bila kugusa herufi hata moja. Ndiyo maana wazazi wengi, wanaposikia kwamba watoto wanafundishwa kompyuta, wanafikiria vijana wa sekretariati za barabarani, wale wanaochapa barua na kulipwa kwa ukurasa.

Hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuiamuru mashine: kuiambia ifanye nini, hatua kwa hatua, na kutafuta kosa lilipo inapofanya mambo mengine. Nusu hizi mbili zilizaliwa mbali moja na nyingine, na historia yake inamhusu hata mtoto anayesomea leo chini ya hema.

Tuanze na vidole. Mwaka 1874 kiwanda cha Remington kule Marekani kilianza kuuza mashine ya kuandika iliyobuniwa na Christopher Sholes na wenzake. Kutoka kwake ulitokea mpangilio wa herufi unaoitwa QWERTY. Wafaransa na Wabelgiji walishika ule wa AZERTY, nao ndio ulioingia Kongo pamoja na utawala wa Ubelgiji. Mwanzoni watu walichapa huku macho yakitafuta herufi. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin, aliyekuwa mwandishi wa mahakama, alishindana hadharani na mchapaji mwingine, Louis Traub, akamshinda. McGurrin alitumia vidole vyote bila kutazama klavye. Tangu hapo namna yake ikaenea katika shule za makarani.

Watoto wadogo walifikiwa baadaye. Mwaka 1932 Ben Wood na Frank Freeman walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili katika shule za msingi za Marekani. Watoto waliopewa mashine za kuandika waliandika zaidi kuliko wenzao wasiokuwa nazo. (Wenye viwanda vya mashine walisaidia kulipia uchunguzi huo, jambo ambalo msomaji asilisahau.)

Kuamuru mashine kulikuja kwa njia nyingine kabisa. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, mtaalamu wa namna watoto wanavyofikiri, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao walitengeneza Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye kidogo wakaiongezea kobe: kwanza mashine ndogo yenye magurudumu iliyotembea sakafuni ikichora, halafu alama kwenye kioo cha kompyuta. Mtoto anaandika «mbele 50, kulia 90», na kobe anatii. Akirudia mara nne, anapata mraba.

Papert alisema kwamba katika shule nyingi kompyuta inamwongoza mtoto, wakati yeye alitaka mtoto aiongoze kompyuta. Maneno hayo yako katika kitabu chake Mindstorms cha mwaka 1980, na miaka zaidi ya 40 baadaye bado yanauma.

Afrika haikubaki nyuma sana. Mwaka 1982 kompyuta za Apple II zilifika kwa watoto wa shule huko Dakar, Senegali, katika mradi wa majaribio uliosaidiwa na serikali ya Ufaransa, Papert akiwemo. Watoto walizizoea upesi. Kazi ngumu haikuwa upande wao.

Ufaransa yenyewe ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Januari 1985 waziri mkuu Laurent Fabius alitangaza mpango wa kupeleka kompyuta zipatazo 120,000 mashuleni. Walimu wengi walifundishwa siku chache tu. Haikupita miaka mingi, mpango ukaisha na mashine nyingi zikalala kabatini. Nchi tajiri, yenye umeme kila kijiji! Anayengoja katoni za kompyuta zishushwe ndipo somo lianze, aikumbuke habari hiyo.

Kinyume chake kilionekana Ghana mwezi wa pili 2018. Mwalimu Richard Appiah Akoto, wa shule moja ya Sekyedomase isiyokuwa na kompyuta, alichora kwa chaki za rangi ubaoni dirisha zima la programu ya Microsoft Word, vitufe vyote mahali pake. Wanafunzi wake walipaswa kufanya mtihani wa taifa wa somo hilo. Picha zilizunguka dunia, na msaada wa kompyuta ukafuata. Ni aibu kwamba alilazimika kuchora, lakini somo lake halikungoja.

Katika Kivu, ambako madarasa mengi yamekuwa makao ya waliokimbia vita na familia huhama tena kabla ya mwaka wa shule kuisha, njia hiyo inawezekana. Klavye huchorwa kwenye katoni. Kwa AZERTY, vidole vya kushoto hukaa juu ya Q, S, D, F na vya kulia juu ya J, K, L, M. Kompyuta zinazopitia Kampala au Dubai huja mara nyingi na QWERTY: A na Q hubadilishana mahali, Z na W vilevile, na M hushuka mstari wa chini. Afadhali mtoto ajue zote mbili.

Kobe naye hahitaji umeme. Papert mwenyewe aliwaambia watoto wajifanye kobe, watembee. Mmoja anasimama uwanjani, wenzake wanamwamuru kwa Kiswahili: mbele hatua 5, kulia 90. Mraba hauwasumbui. Wakijaribu pembetatu yenye pande sawa, wengi watasema 60, kwa sababu ndiyo pembe waliyoiona daftarini. Kobe atageuka kidogo mno na kwenda zake nje ya umbo. Itabidi wamrudishe, wamtazame anavyogeuza mabega kwenye kona, mpaka mmoja wao aseme 120.