Saburi

Msemaji wa leo akisema anasubiri, aghalabu hakusudii zaidi ya kungoja. Neno limepungua. Washairi wa Lamu na Mombasa walilirithi kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kuzuia na kufunga: mateka aliyefungwa kisha akauawa pasi na njia ya kujitetea, Waarabu walisema ameuawa kwa sabr. Kusubiri, basi, ni kuifunga nafsi isikimbie. Baharia aliyekaa bandarini mpaka kaskazi iishe na kusi ianze alikuwa akingoja tu. Pepo zingegeuka, awe na moyo asiwe nao.

Stahamala ni jirani yake, nayo hutokana na neno la kubeba mzigo. Mwenye stahamala hubeba. Mwenye saburi hushika asiachie.

Mfano mkuu wa saburi ni Nabii Ayubu, ambaye utendi wake ulikuwa ukisomwa pwani kabla Alice Werner hajauchapisha London katika miaka ya 1920. Watu humtaja Ayubu kana kwamba alinyamaza. Hakunyamaza. Katika Kurani humlilia Mola wake kwamba dhara limempata, na katika Kurani hiyo hiyo husifiwa kuwa ni mwenye kusubiri. Kilio na saburi vilikaa katika kifua kimoja. Wenye madaraka wanaowahubiria wanyonge subira (nao si haba) hulipita jambo hili upesi.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa hakulipita. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa «Kenya: Twendapi?», akaikosoa serikali ya KANU waziwazi. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na kuanzia 1969 hadi 1972 akafungwa, sehemu kubwa ya muda huo akiwa peke yake. Humo alitunga mashairi, akayaandika kwa siri katika karatasi za msalani. Yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na 1974 yakapata tuzo iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi.

Shairi mojawapo linaitwa «Siwati», yaani, kwa Kimvita, siachi. Anayedhani subira ni kungoja atasema kijana huyu hakuwa nayo: hakungoja mambo yatengenee, wala hakuomba radhi ili afunguliwe. Kwa maana ya kale, ni vigumu kupata mwenye saburi kumshinda. Wengine waliufunga mwili wake. Nafsi aliifunga mwenyewe, pale alipotaka ikae.

Alipotoka 1972 alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, wakati maneno yalipokuwa yakikusanywa kwa ajili ya kamusi iliyochapishwa 1981.