Nani Ameandikwa Katika Daftari?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu unayesoma mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumzie fedha za halmashauri kwa mfanyabiashara mdogo aliyekwama. Nimelichagua jambo hili kwa sababu nina deni nalo.

Mwaka 2019 nilitumwa kwenda kutangaza hafla ya kukabidhi mikopo kwa vikundi vya wajasiriamali katika halmashauri moja ambayo sitaitaja. Palikuwa na ngoma, turubai, viti vya plastiki na ile hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango. Miongoni mwa waliopanda jukwaani kuipokea alikuwamo mama yangu mzazi, mweka hazina wa kikundi cha wanawake 10: wauza vitumbua, wauza mboga, muuza mkaa na mshonaji mmoja, ambaye ni yeye mwenyewe. Nilirudi studio nikasoma habari kwa sauti ya furaha kwamba akina mama wale wamekombolewa.

Haikupita miaka miwili mama akauza cherehani yake ili kulipa marejesho ya wenzake. Hilo sikulitangaza. Leo nalitangaza, lakini si kwa kulalamika. Nataka tuangalie tulikotoka, tuone kosa lilianzia wapi.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani bila mkopo ule kuwa na kibali cha mtawala. Ilisemwa kwamba sheria hiyo inamlinda Mwafrika asiingie katika madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka dogo kijijini hakuaminiwa na mtu, akabaki kununua kwa fedha taslimu na kuuza kwa vipimo vya kibaba. Jirani zetu wa Kenya, katika miaka ya 1950, walianzishiwa bodi za pamoja za mikopo, ambamo fedha za serikali kuu zilichanganywa na za halmashauri za wilaya za Waafrika ili kuwakopesha wenye maduka. Kwa hiyo wazo la halmashauri kumsaidia mchuuzi halikuanza jana. Hata tatizo lake ni la tangu siku hizo: mikopo ilitoka, marejesho yakasuasua.

Baada ya Uhuru sisi tulishika njia nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikavunjwa, kazi zake zikachukuliwa na utawala wa mikoa na wilaya. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo lipo hadi leo. Lakini mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zikapotea rafuni, na ilibidi operesheni ile ipunguzwe kasi. Mwenye duka alikuwa ameandikwa katika daftari la serikali, lakini aliandikwa ili afungiwe.

Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978, na sheria za serikali za mitaa tunazozijua leo zilitungwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata, 1983, ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Wazee wa Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani akapakiwa kwenda kulima. Wachuuzi wengi walikumbwa, kwa sababu kuuza karanga na sigara mojamoja hakukuhesabiwa kuwa ni kazi. Kwa mara nyingine mchuuzi alitafutwa katika daftari, na safari hii kosa lake ni kwamba hakuonekana humo.

Mimi nilikuwa mtoto mchanga wakati huo. Kumbukumbu zangu zinaanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara ikiwa imeshafunguliwa chini ya Mzee Mwinyi. Asubuhi nilimbebea mama chupa ya chai mpaka kituo cha basi, kisha nikaenda shule. Siku moja mgambo walikuja, wakapiga teke karai la mafuta ya vitumbua. Mama hakulia. Alichuchumaa, akaokota vitumbua vilivyosalimika, akavifuta mchanga, akanipa vitatu. Jioni aliandika katika kaunta buku lake: mafuta lita mbili, unga kilo tatu, karai moja. Nilimuuliza anaandika nini na nani atalipa. Akasema, "Hakuna atakayelipa, mwanangu. Naandika nijue nimebakiwa na nini."

Ni katika miaka hiyohiyo, kuanzia mwaka 1993, ambapo Serikali ilianzisha Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake na ule wa Vijana. Halmashauri zilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: asilimia 5 kwa wanawake na asilimia 5 kwa vijana. Karatasini lilikuwa jambo zuri. Lakini ulikuwa ni utaratibu zaidi kuliko sheria yenye meno. Halmashauri iliyokusanya kidogo ilitenga kidogo, au haikutenga kabisa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ikafutwa. Wananchi tulishangilia, na haki yetu ilikuwa kushangilia, lakini mfuko wa halmashauri ulizidi kupungua uzito.

Mwaka 2006 yakaja yale yaliyoitwa mitaani "mabilioni ya JK". Kila mkoa ulitengewa shilingi bilioni moja za kukopesha wajasiriamali kupitia mabenki. Foleni zilikuwa ndefu, na wengi waliambiwa hawana dhamana wala hesabu za biashara. Wengine waliziita fedha zile zawadi ya uchaguzi, na mtu akishaamini kwamba kitu ni zawadi, ukimwambia arudishe anakuona mkorofi.

Mwaka 2018 ndipo ile asilimia 10 ilipopewa nguvu ya sheria. Ikagawanywa upya: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, na 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho hakutakiwa kubughudhiwa na watoza ushuru. Kwa mara ya kwanza mchuuzi alilipa aandikwe ili aachwe kwa amani. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa.

Kikundi cha mama kiliingia hapo. Walijiandikisha, wakawa na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi walilotungiwa na kijana mmoja wa stesheni kwa malipo. Wakapata shilingi milioni 5. Andiko lilisema watafuga kuku. Hakuna aliyefuga kuku. Waligawana laki tano tano wakarudi kila mtu kwenye shughuli yake. Mmoja alikuwa na mtoto hospitali, fedha zikaishia huko. Mmoja alihama na hatujamwona. Muuza mkaa alinyeshewa shehena yote. Kisha mwaka 2020 ikaja korona, wateja wakapungua. Sheria ya kikundi ni kwamba mmoja akishindwa, wote wanadaiwa. Na barua ya madai hupelekwa kwa mweka hazina.

Yaliyomkuta mama hayakumkuta peke yake. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilieleza mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana vilipotafutwa. Mwezi wa Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kusitishwa kwa mikopo hiyo hadi utafutwe utaratibu mpya. Mwaka 2024 ikarejeshwa, halmashauri 10 za majaribio zikitakiwa kuitoa kupitia benki.

Utaratibu mpya unaweza kuzuia wizi, nami nauombea heri. Lakini mimi naona kuna swali ambalo hatujaliuliza tangu mwaka 1993. Je, kila mfanyabiashara mdogo aliyekwama anahitaji mkopo?

Chukueni mfano wa moto. Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua. Januari 2022 likaungua soko la Karume, Ilala. Mtu aliyelala ana mtaji akaamka ana majivu, ukimpa mkopo umemwongezea deni juu ya msiba. Huyo anahitaji ruzuku, yaani fedha asizozirudisha, ndogo, za kumsimamisha tena. Mwenye biashara inayokwenda na anayetaka kuipanua, huyo ndiye wa mkopo. Sisi tumewaweka wote katika kapu moja, kisha tunashangaa kwamba wengi hawarudishi.

Wako watakaosema ruzuku itawazoesha watu kunyoosha mkono. Hoja hiyo siidharau. Lakini tutazame wenzetu. Mwezi wa Machi 2020, korona ilipofunga maduka, Serikali ya Uingereza ilitoa ruzuku ya pauni 10,000 kwa biashara ndogo za England kupitia halmashauri zake. Fedha zilitoka haraka, kwa sababu halmashauri zilitumia daftari walilokuwa nalo tayari la biashara ndogo zilizopewa nafuu ya kodi ya majengo. Aliyekuwemo humo tarehe 11 Machi alilipwa. Hawakuulizwa wamepata hasara kiasi gani, hivyo hata ambaye hakuumia sana alipata sawa na aliyezama. Na je, wale ambao hawakuwamo? Wenye meza sokoni, wenye vyumba katika majengo ya kushirikiana, hao walitazama wenzao wakilipwa. Ilibidi mwezi wa Mei utangazwe mfuko wa pili, ambao halmashauri zenyewe ziliamua nani apewe, wachuuzi wa masoko wakiwa miongoni mwao.

Mnaona, ndugu zangu? Hata nchi yenye makabati ya mafaili tangu enzi za Malkia Victoria ilimsahau mwenye meza ya nyanya. Fedha hufuata daftari, na asiyeandikwa hasaidiwi hata pakiwa na nia njema.

Basi kama mimi ningekaa katika kikao cha madiwani, ningependekeza mambo manne. La kwanza, sehemu ndogo ya mapato ya ndani itengwe kuwa ruzuku ya maafa: moto, mafuriko, kuhamishwa eneo la biashara. Isichanganywe na mikopo hata kwa shilingi moja, wala isiwe na akaunti moja nayo. La pili, daftari la wafanyabiashara liandikwe sokoni, na viongozi wa soko wakiwapo, kabla ya maafa na si baada yake. Maana baada ya moto kila mtu alikuwa na kibanda. Liandikwe nani anauza nini, tangu lini, na takriban kwa siku anauza kiasi gani, kisha libandikwe ukutani watu wapinge. Jirani wa meza ni mkaguzi asiyelipwa posho. La tatu, ruzuku ifuate hasara. Aliyepoteza karai apewe karai na mafuta, aliyepoteza cherehani apewe cherehani, na kinachozidi kitolewe kwa awamu. La nne, isitolewe jukwaani. Msaada unaokabidhiwa kwa ngoma na hundi ya mfano unamfanya anayepokea aamini kwamba ametunukiwa na mtu, na anayetoa aamini kwamba ni fedha zake. Zote ni fedha za ushuru, pamoja na ule wa mama muuza vitumbua.

Hili la nne linatuhusu sisi waandishi. Siku ile ya hundi niliuliza kiasi cha fedha, nikauliza jina la mgeni rasmi. Sikumuuliza hata mama mmoja kati ya wale 10 anahitaji nini. Na mmoja wao alikuwa mama yangu.

Juzi nilikwenda kumsalimia nikamwomba anionyeshe kaunta buku la kikundi. Amelihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Majina yote 10 yamo. Kwa kila mmoja ameandika biashara yake, anauza nini Jumatatu na nini Jumamosi, nani ana mgonjwa, nani amelipa, nani hajalipa na kwa nini. Nilimuuliza kama kuna afisa yeyote aliyewahi kuomba kuliona, iwe kabla ya mkopo au baada.

"Walitaka picha za pasipoti na muhuri wa mtaa," alisema. "Hili hakuna aliyeliuliza."

Kisha akaniuliza kama redio inaweza kumsaidia kupata cherehani. Nilimwambia redio haina fungu hilo, mimi nitamnunulia. Akacheka, akasema, "Wewe una mama mmoja, mwanangu. Wale tisa nao wana watoto watangazaji?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu nimelileta kwenu. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.