Pikapu kuukuu na trela: mambo ya kukagua kabla ya kuvuta mzigo Osukuru, Busia na Malaba

TORORO/BUSIA – Pikapu ya zamani ni mtaji wa wafanyabiashara wengi wa mpakani. Toyota Hilux, Isuzu, Nissan na hata Peugeot 504 zilizotengenezwa miaka mingi iliyopita bado zinabeba saruji kutoka Tororo, mahindi na maharage kutoka vijiji vya Osukuru, na bidhaa za dukani kutoka upande wa Kenya. Mzigo ukizidi nafasi ya nyuma, mwenye gari hufikiria kuongeza trela ya magurudumu mawili.

Kwa hesabu ya haraka wazo hilo ni zuri. Safari moja badala ya mbili ni nusu ya mafuta na nusu ya muda wa foleni. Lakini wengi huuliza swali moja tu: injini itavuta? Injini ya dizeli iliyotunzwa huvuta karibu chochote katika barabara tambarare. Swali lenye uzito ni kama gari litasimama, na likisimama, trela itabaki nyuma yake.

Makala haya yanaeleza kwa mpangilio mambo ambayo mwenye pikapu kuukuu anapaswa kuyakagua, kuanzia uzito hadi karatasi za mpakani.

1. ANZA NA UZITO, SI INJINI

Pikapu nyingi zina kibati cha kiwanda mlangoni au chini ya boneti. Kinaonyesha uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake. Kitabu cha gari huonyesha pia uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, na uzito wa trela yenye breki na isiyo na breki. Namba hizo hazibadiliki kwa kuongeza springi wala kwa kubadilisha injini.

Kama kitabu kimepotea, tumia kanuni inayotumika Ulaya kwa trela isiyo na breki zake: trela na mzigo wake visizidi kilo 750, wala visizidi nusu ya uzito wa gari tupu. Namba ndogo kati ya hizo mbili ndiyo ya kufuata.

Tuchukue mfano. Pikapu tupu ina kilo 1,400, kwa hiyo trela isizidi kilo 700. Trela yenyewe tupu ni kilo 250. Kinachobaki kwa mzigo ni kilo 450, yaani:

- mifuko 9 ya saruji ya kilo 50, au
- magunia 5 ya mahindi ya kilo 90; au
- magunia 4 ya mahindi ya kilo 100.

Mfanyabiashara aangalie sana mistari hiyo miwili ya mwisho. Gunia la mahindi nchini Kenya huhesabiwa kilo 90, na nchini Uganda kilo 100. Anayehesabu magunia 20 kwa kipimo cha Kenya na kupakia ya Uganda amejiongezea kilo 200 bila kujua. Hesabu kilo, si magunia.

Trela yenye breki huruhusu uzito zaidi. Mfano: kitabu kinasema gari na trela kwa pamoja visizidi kilo 3,900, na chuma cha kuvutia kimepimwa kwa kilo 1,500. Pikapu tupu ni kilo 1,400. Dereva, utingo, mafuta na vifaa ni 220. Mzigo wa nyuma ya pikapu ni 600. Jumla ni 2,220, na kinachobaki ni 1,680. Hata hivyo chuma kinaruhusu 1,500 tu, kwa hiyo namba ya kufuata ni 1,500. Ukitoa trela tupu ya kilo 350, mzigo wa trela ni kilo 1,150, yaani mifuko 23 ya saruji.

Njia ya uhakika ni kupita kwenye mizani ya magari. Maghala ya nafaka na viwanda huwa nazo. Pima pikapu peke yake, kisha pikapu na trela vikiwa vimepakiwa.

2. BREKI

Pikapu yenye mzigo ina kilo 2,000. Ikivuta trela ya kilo 1,000 isiyo na breki, breki zilezile sasa zinasimamisha kilo 3,000. Kama gari lilihitaji mita 40 kusimama, sasa litahitaji karibu mita 60. Mwendo nao huongeza hatari kuliko wengi wanavyodhani: gari la kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu mara 1.8 ya lile la kilomita 60.

Katika gari la zamani, fundi akague haya:

- Mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na yakipata moto mteremkoni huchemka na pedali huzama. Yabadilishwe yote kila miaka 2, si kuongezwa tu.
- Mipira na mabomba. Mpira wenye nyufa, au bomba lenye kutu pale linapopita juu ya ekseli, ni wa kutupa.
- Dramu za nyuma. Vumbi la marumu na la saruji hujaa ndani. Zifunguliwe, zisafishwe na lainingi zipimwe.
- Valvu ya uzito. Pikapu nyingi zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi. Hupeleka breki zaidi nyuma gari likibeba mzigo. Kwenye magari makuukuu mara nyingi imeganda kwa kutu au fundi ameiondoa.
- Pampu ya upepo. Kwenye injini nyingi za dizeli hukaa pamoja na alteneta. Ikichoka, pedali huwa nzito.

Trela yenye uzito wa zaidi ya kilo 750 iwe na breki zake. Aina rahisi ni ile inayojibana yenyewe trela inaposukuma gari kutoka nyuma. Iwe pia na waya wa dharura unaovuta breki za trela endapo itachomoka.

3. CHUMA CHA KUVUTIA NA CHESISI

Chuma cha kuvutia trela kifungwe kwenye chesisi, si kwenye bampa. Bampa ya nyuma ya pikapu nyingi ni bati lililokunjwa. Halikutengenezwa kuvuta tani.

Kabla ya kufunga, gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mabano ya springi hadi mwisho wa nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa na huacha magamba. Chesisi iliyooza isichomelewe kiraka kisha ikafungwa trela. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, na weka bamba la chuma upande wa pili ili nati isizame.

Ukubwa wa tufe la chuma ni jambo dogo linaloua. Matufe mengi ni ya milimita 50, lakini yapo ya inchi 1 na 7/8, ambayo ni karibu milimita 47.6. Kwa macho yanafanana. Kikombe cha trela cha milimita 50 hukaa juu ya tufe dogo na kuonekana kimefunga, kisha huchomoka kwenye tuta la kwanza. Soma namba iliyochongwa juu ya tufe.

Funga minyororo miwili ya usalama, ipishane kama alama ya X chini ya mkono wa trela. Mkono ukianguka utalala juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

4. MPANGO WA MZIGO

Trela inayoyumba kushoto na kulia mara nyingi imepakiwa mzigo mwingi nyuma ya ekseli yake. Mzigo mzito ukae chini, na kwa sehemu kubwa kidogo mbele ya ekseli. Kipimo kinachofaa trela nyingi ndogo ni mkono wa trela kukandamiza tufe kwa karibu asilimia 10 ya uzito wa trela, bila kuzidi kiwango cha chuma chenyewe. Trela ya kilo 700 ikandamize kama kilo 70. Hilo hupimwa kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu, ikiwekwa chini ya mkono wa trela ukiwa usawa.

Kumbuka kwamba uzito huo ni mzigo wa pikapu pia, na tufe liko nyuma ya ekseli. Kilo 80 kwenye tufe lililo mita 1.2 nyuma ya ekseli, katika gari lenye mita 2.8 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, huongeza kilo 114 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza kilo 34 mbele. Usukani huwa mwepesi. Kuongeza jani la springi kutainua mkia wa gari, lakini hakuipi ekseli wala beringi nguvu mpya.

Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima na acha mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo.

5. TAIRI NA BERINGI

Tairi lina tarehe. Tafuta namba nne ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa la miaka 10 na limekauka ndani. Angalia pia namba ya uwezo: 100 ni kilo 800 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900, na 106 ni kilo 950. Usifunge tairi la gari dogo kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu wala kwenye trela ya mzigo.

Beringi za trela husahaulika kwa sababu trela haina injini ya kulia. Zipakwe grisi mpya kila mwaka. Baada ya kilomita 20 za kwanza, simama uguse habu zote mbili: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, beringi au breki ya upande huo ina kasoro. Beba tairi la akiba la trela pia, kwani mara nyingi si saizi ya gari.

6. REJETA, KLACHI NA MILIMA

Kati ya Osukuru, Malaba na Busia nchi si ya milima mikali. Mambo hubadilika kwa anayeendelea Nakuru na Nairobi. Njia ya Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo kule juu imebaki na kama robo tatu ya nguvu zake. Rejeta isafishwe, feni na mipira ya maji ikaguliwe, na klachi inayoteleza ibadilishwe kabla ya safari.

Kushuka ni kugumu zaidi. Mteremko wa Salgaa na Sachangwan umeua watu wengi. Tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walikufa eneo la Migaa basi lilipogongana na lori. Kwenye njia ya Kericho, tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha barabara katika makutano ya Londiani na kuua watu zaidi ya 50, wakiwamo wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Hayo yalikuwa magari makubwa, lakini pikapu yenye trela nzito huelemewa na mteremko kwa namna ileile.

Kanuni ya madereva wa zamani bado ni sahihi: gia unayopandia ndiyo unayoshukia. Ichague kabla ya mteremko kuanza, kisha tumia breki kwa vipindi vifupi.

7. KARAVANI NA TRELA ZENYE KUTA

Wapo wanaovuta karavani za watalii, vibanda vya chakula au duka la magurudumu. Hizi zina kuta ndefu, na upepo wa lori linalopita huzisukuma kabla ya dereva kujiandaa. Punguza mwendo unapopishana na malori. Safiri na tangi la maji tupu, kwani lita 1 ni kilo 1 na maji hucheza. Mitungi ya gesi ifungwe valvu na ikazwe isisogee. Weka vioo vya pembeni vyenye mikono mirefu ili uone nyuma ya trela.

8. TAA NA KARATASI

Taa za nyuma, za breki na za kona lazima ziwake kwenye trela kama kwenye gari. Zikiwaka hafifu au kwa kuchanganyana, chanzo cha kawaida ni waya wa ardhi wenye kutu. Bandika riflekta nyuma na ubavuni, na beba pembetatu mbili za tahadhari.

Nchini Kenya trela husajiliwa kivyake, na namba yake huanza na herufi Z. Uliza kampuni ya bima kwa maandishi kama trela imo katika bima yako. Kwa kuvuka mpaka, Kadi ya Njano ya COMESA hutambuliwa Kenya na Uganda kwa madhara ya mtu wa tatu. Hailipi trela yako wala mzigo wako. Hakikisha leseni yako inaruhusu kuvuta trela, na kwamba trela imetajwa kwenye kibali cha forodha cha gari.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018, kimepunguza kusimama mara mbili, na mzigo wa asili ya Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 unaweza kupita kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Utaratibu huo unaangalia thamani ya mzigo. Uzito ni jukumu la mwenye gari.

KABLA YA KUONDOKA

1. Kilo za mzigo zimehesabiwa, si magunia.
2. Kikombe kimefunga tufe la saizi yake na pini iko mahali pake.
3. Minyororo imepishana, waya wa dharura umefungwa kwenye gari.
4. Taa zote zimejaribiwa na mtu amesimama nyuma.
5. Upepo wa tairi umepimwa, pamoja na la akiba.
6. Breki zimejaribiwa kwa mwendo mdogo uwanjani kabla ya kuingia barabarani.

Kama mojawapo halijakamilika, acha trela na ufanye safari mbili. Gharama ya safari ya pili inajulikana tangu asubuhi: mafuta, posho ya utingo na saa chache. Gharama ya trela iliyochomoka sokoni siku ya mnada haina bei ambayo faida ya mifuko 23 ya saruji inaweza kulipa.