Hifadhi ya Taifa ya Waterton Lakes

Hifadhi ya Taifa ya Waterton Lakes iko kwenye kona ya kusini-magharibi ya jimbo la Alberta, Kanada, mpakani na Marekani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 505. Ni mahali pa fahari ya pekee: nyanda za majani zinakoma ghafla na Milima ya Rocky inasimama wima, karibu bila vilima vya kuvitenganisha. Kilele cha juu ni Mlima Blakiston (mita 2,910).

Jiolojia

Miamba ya milima hii ni mashapo yaliyotuama majini yapata miaka bilioni 1.5 iliyopita. Baadaye sana, ganda la dunia liliposukumwa kutoka magharibi, bamba nene la miamba hiyo lilikatika, likateleza makumi ya kilomita kuelekea mashariki na kulalia mashapo laini ya zama za dinosau. Ndiyo maana hapa mwamba mkongwe uko juu na mwamba wenye umri mdogo uko chini. Ufa mkubwa ambao bamba hilo liliteleza juu yake huitwa Lewis. Mlima Chief, upande wa Marekani, ni kipande cha bamba hilo kilichobaki peke yake uwandani baada ya mmomonyoko kuondoa miamba iliyokiunganisha na mingine.

Rangi za miamba hii zinatokana na chuma. Tope lililopata oksijeni liligeuka jekundu; lililokosa likawa la kijani. Katika korongo la Red Rock rangi zote mbili zinaonekana, na juu ya mawe yenyewe zingalipo alama za viwimbi na nyufa za tope lililokauka juani kabla ya kuwapo mnyama yeyote nchi kavu.

Barafu ilikuja mwisho, ikachimba mabonde. Ziwa Upper Waterton, lenye kina cha karibu mita 150, ndilo lenye kina kirefu zaidi katika Milima ya Rocky ya Kanada.

Mimea na wanyama

Aina za mimea ni zaidi ya 1,000. Dubu hushuka hadi kwenye majani ya uwandani.

Historia

Kwa Wablackfoot, wenyeji wa asili wa eneo hili, Mlima Chief ni mtakatifu. Serikali ya Kanada ilianza kulihifadhi eneo la Waterton mwaka 1895. Mwaka 1932 liliunganishwa na Hifadhi ya Glacier ya Montana kuwa hifadhi ya amani ya kwanza duniani kuvuka mpaka wa mataifa; UNESCO iliziorodhesha hifadhi hizo mbili pamoja kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1995. Moto wa Kenow wa mwaka 2017 uliunguza zaidi ya theluthi moja ya Waterton.