Maji ya Mlangoni mwa Msikiti

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya maji, yale maji ambayo Mwislamu hutawadha kabla ya kusali. Tutauliza swali moja: je, maji hayo yamewaletea afya watu wa pwani yetu? Walio wa dini nyingine wasizime redio. Kisima kilikuwa cha wote, na maradhi hayamwulizi mtu dini yake.

Tuanze na msafiri mmoja. Mwaka 1331 alifika pwani yetu mtu wa Tanja, katika nchi ya Moroko, jina lake Ibn Battuta. Alitoka Mogadishu kwa chombo, akalala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea mpaka Kilwa. Miaka mingi baadaye aliisimulia safari yake, ikaandikwa kitabu. Habari za Mombasa ni chache, lakini sehemu yake kubwa ni habari za maji. Anasema kwamba watu wa Mombasa walikuwa wacha Mungu, na misikiti yao ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Penye kila mlango wa msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Dhiraa ni urefu wa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Ninyi mnaosikiliza mnakijua chombo hicho. Ni ndugu yake kata ya kifuu. Mahali pa kuzunguka kisima palisawazishwa. Aliyetaka kuingia msikitini aliosha miguu kwanza, kisha aliipangusa kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Watu walitembea miguu mitupu, ndiyo maana jamvi lilikuwa na kazi.

Kwa nini msafiri aliyeona nchi nyingi ayakumbuke mambo madogo kama haya? Ibn Battuta alisomea sheria ya Kiislamu na aliwahi kuwa kadhi. Jicho la kadhi huenda kwenye maji, kwa sababu bila maji yanayofaa sala ina mashaka.

Misikiti ile ya mbao imekwisha oza. Lakini iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe imebaki, hata kama ni magofu. Aliye karibu na Malindi aende Gedi, mji ulioachwa na watu katika karne ya 17. Kuanzia mwaka 1948 bwana James Kirkman alisimamia kazi ya kuufukua. Kando ya msikiti mkubwa wa Gedi kuna kisima, na kuna birika la kutawadhia. Katika nyumba za mji vilionekana vyoo vya shimo na mahali pa kujisafishia. Nenda Kilwa Kisiwani, nako utakuta kisima na mahali pa kutawadhia kando ya Msikiti Mkuu. Kumbukeni kwamba mambo haya yalikuwa ya kila siku kwetu zamani sana.

Sasa, kwa nini birika, tena kubwa? Hapa lazima tuingie kidogo katika sheria. Watu wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa madhehebu hayo, maji machache yakiingiwa na najisi huharibika mara moja. Lakini maji yakifika kulla mbili hayaharibiki, ila rangi yake au harufu yake au ladha yake ikibadilika kwa najisi hiyo. Kulla mbili ni lita mia mbili na kitu, kwa hesabu ya wengi, yaani kama madebe kumi na moja au kumi na mawili. Basi mwashi aliyejenga birika la madebe mengi alikuwa anaifuata sheria kwa mwiko wake. Yashikeni maneno haya matatu: rangi, harufu, ladha. Tutayarudia.

Na udhu wenyewe unaufanyia nini mwili? Mtu huosha viganja, husukutua, husafisha pua, huosha uso, mikono mpaka viwikoni, hupaka maji kichwani na masikioni, kisha huosha miguu mpaka vifundoni. Akivunjikiwa na udhu kati ya sala na sala, hurudia. Chukueni uso peke yake. Ugonjwa wa macho uitwao vikope huenezwa kwa mikono, kwa nguo, na kwa nzi wanaofuata tongo na kamasi usoni. Hata leo madaktari wanaopigana na vikope huhimiza uso wa mtoto uoshwe. Chukueni mikono. Kuhara huingia kinywani kupitia mikono michafu, na mkono uliooshwa huwa umebeba vijidudu vichache zaidi. Sabuni hushinda maji matupu, na hilo tuliseme wazi. Lakini mtu anayenawa kila siku kwa maji safi amemtangulia mbali asiyenawa kabisa. Tena kuna fundisho la Mtume ambalo mimi hulistaajabia: aliyeamka usingizini asitumbukize mkono katika chombo cha maji mpaka auoshe mara tatu, kwa maana hajui mkono wake ulilala wapi. Fundisho hili linailinda afya ya mtu anayetawadha, na zaidi ya hapo linamlinda yule atakayekuja nyuma yake kuchota chombo kile kile.

Na roho je? Hapa pia kuna historia. Katika mji wa Balkh, ulioko Afghanistan ya leo, alitoka mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akasikitika kwamba waganga wanaandika habari za mwili tu na kuiacha nafsi. Alieleza hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, akasema mwili na nafsi huambukizana maumivu. Mafundisho ya dini nayo humwambia mwenye hasira akatawadhe. Anayeacha ugomvi, akaenda kisimani, akamwagia uso wake maji, kisha akasimama safuni pamoja na majirani, amekwisha ipa hasira yake nafasi ya kupoa. Mjane au mzee akikosekana msikitini siku mbili, mtu hutumwa nyumbani kwake kuuliza hali. Hiyo nayo ni afya, ingawa haiuzwi katika chupa.

Lakini nisiwafiche upande wa pili. Neno letu wasiwasi limetoka katika Kiarabu, na wanachuoni wa zamani walilitumia hasa kwa mtu anayetawadha, kisha akaona bado, akarudia, akarudia tena, mpaka sala inampita. Waliwakemea watu hao na kuwakumbusha kwamba Mtume alitosheka na mudi moja ya maji, yaani kama kibaba kimoja. Leo madaktari wanajua kwamba kurudiarudia kwa namna hiyo, kwa baadhi ya watu, ni ugonjwa wenye matibabu. Mwenye jamaa wa namna hiyo asimcheke wala asimgombeze. Ampeleke kwa daktari.

Sasa tufike mwaka 1869. Mwishoni mwa mwaka huo kipindupindu kiliingia Unguja, kikaendelea mpaka mwaka 1870. Alikuwapo mjini daktari wa Kiskoti, James Christie, naye mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya maradhi hayo. Aliifuatilia njia yake kwa uangalifu mkubwa: kutoka Makka na nchi za Bahari ya Shamu, kupita bara kwa njia za misafara katika nchi ya Wamasai, mpaka pwani ya Pangani, kisha kuvuka bahari mpaka Unguja. Watu walikufa kwa maelfu. Mji ulikuwa wa Waislamu wengi wanaotawadha kila siku. Basi udhu haukuwafaa kitu?

Hapa ndipo penye somo letu, nanyi walimu msipapite haraka. Maji ya mji yalitoka katika visima vifupi, na jirani na visima palikuwa na mashimo ya vyoo na uchafu mwingine. Mvua iliponyesha, uchafu ulipenya ardhini ukaingia majini. Sasa yarudieni yale maneno matatu. Maji yenye vijidudu vya kipindupindu yanaweza kuwa meupe kama kioo, hayana harufu, na ladha yake ni tamu. Mtu mwenye elimu ya dini angeyatazama, akayanusa, akayaonja, akasema ni tohara. Wala hakukosea, kwa sheria ndivyo. Lakini tohara ni jambo moja, na salama ni jambo jingine. Tohara humtengeneza mtu kwa ibada, na jicho na pua vinatosha kuihukumu. Usalama wa maji hauonekani kwa jicho. Hata madaktari wa wakati ule walikuwa wangali wanabishana. Daktari John Snow alikwisha kuonyesha mjini London, mwaka 1854, kwamba kipindupindu hufuata maji, lakini wengi hawakukubali. Ilikuwa mwaka 1884 ndipo Robert Koch, Mjerumani, alipothibitisha kijidudu chenyewe. Kwa hiyo tusiwalaumu wazee wetu kwa jambo ambalo dunia nzima ilikuwa haijalijua.

Mwaka 1870 Sayyid Barghash alishika ufalme wa Unguja, akatawala mpaka alipofariki mwaka 1888. Watu hukumbuka majumba yake, na wengine hukumbuka mikataba aliyolazimishwa kutia sahihi. Kwa maoni yangu kazi yake kubwa kuliko zote ni mfereji. Alileta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizoko kaskazini ya mji, na watu waliyapata bure. Maji ya chemchemi yaliyofunikwa njia nzima hayapiti chini ya choo cha mtu. Alijenga pia hamamu katika mtaa unaoitwa Hamamni mpaka leo, lakini hamamu ilikuwa kwa wenye nafasi. Mfereji ulikuwa wa kila mwenye ndoo.

Kuna ugonjwa mwingine wa maji ambao haukungoja misafara. Ni kichocho, yaani kukojoa damu. Mdudu wake aligunduliwa mjini Kairo mwaka 1851 na daktari Theodor Bilharz. Mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alionyesha njia anayopita. Mgonjwa hukojoa majini, na mayai ya mdudu hutoka na mkojo. Mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo, huzaliana humo, kisha hutoka na kungoja. Mtu akiingiza mguu au mkono majini, wanapenya ngozi kwa muda wa dakika chache. Maana yake anayetawadha katika kijito au birika la wazi lenye konokono anaweza kuupata ugonjwa akiwa katika ibada. Huko Yemen mabirika ya misikiti yamejulikana kuwa mahali pa kuambukizana kichocho. Unguja na Pemba nazo zilisumbuliwa nacho kwa vizazi vingi, hasa kwa sababu ya vijito, mpaka kikapunguzwa sana kwa dawa zilizogawiwa mashuleni na vijijini.

Na tazameni ajabu hii. Mtume alikwisha kataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Lau katazo hilo lingefuatwa na kila mtu, kila siku, mtoto kwa mkubwa, mayai mengi ya kichocho yasingemfikia konokono. Sheria ilikuwapo kwa karne nyingi kabla ya Bilharz. Kilichokosekana mara nyingi ni choo. Mtoto anayelinda mpunga bondeni tangu asubuhi, na choo kiko nyumbani, atakojoa wapi?

Misikiti mingi ya leo ina mabomba badala ya birika. Maji hupita juu ya mikono ya mtu mmoja na kwenda zake, hayarudi kwa mwingine. Palipo na birika bado, lifunikwe, maji yachotwe kwa kata safi, wala watu wasitumbukize miguu humo. Maji yaliyotumika yapelekwe mbali kwa mtaro, kwa maana dimbwi la nyuma ya msikiti ni nyumba ya mbu. Tena sheria yenyewe haimlazimishi mtu kujidhuru. Mgonjwa ambaye maji yatamdhuru hutayamamu kwa udongo safi, na asiyepata maji vile vile.

Kwa juma lijalo, kila darasa litafanya kazi hii. Tafuteni mzee anayekumbuka maji ya msikiti wenu, au ya kijiji chenu, kabla ya bomba. Mwulizeni kisima kilikuwa wapi, na choo kilicho karibu kilikuwa umbali wa hatua ngapi. Kisha nendeni mkazihesabu hatua hizo wenyewe, mwandike mistari kumi. Mwalimu asome majibu mawili matatu darasani kabla ya kufungua redio. Kwaherini.