Kutu Inakula Harufu ya Gesi

Kuna sentensi utaisikia karibu kila ploti: "Kama gesi ingekuwa inavuja, si tungesikia harufu?" Watu wanaamini pua kuliko fundi. Wacha niwaambie hiyo harufu ilitoka wapi, ndio muone mbona haitoshi.

Gesi yenyewe hainuki. Ile harufu ya yai viza iliwekwa na binadamu, na sheria ya kuiweka ilikuja baada ya msiba.

Machi 18, 1937, shule moja ya New London, Texas, ililipuka watoto wakikaribia kuenda nyumbani. Eneo hilo lilijaa visima vya mafuta, na shule, ikitaka kuokoa pesa, ilikuwa imeacha gesi ya kulipia ikajiunganishia bomba la gesi ya masalio, ya bure. Ikavuja ikajaa chini ya jengo. Hakuna aliyesikia kitu. Mashine ya karakana ikapiga cheche, na karibu watu 300 wakafa, wengi wao wanafunzi.

Mwaka huo huo Texas ikaagiza gesi itiwe harufu. Pia ikapitisha sheria kwamba mainjinia lazima wasajiliwe. Hii ya pili watu huisahau, na kwangu ndiyo inabeba somo lenyewe: shida haikuwa pua peke yake, shida ilikuwa bomba ambalo hakuna mtu mwenye ujuzi alikuwa ameliangalia.

Sasa angalia vile tulisahau. Propani, gesi ya mtungi, ukiikandamiza inageuka kuwa kiowevu, kwa hivyo unaibeba popote. Wamarekani wakaifunga hadi kwa motahomu, yale magari yenye jiko, friji na kitanda ndani. Nayo pia ikatiwa harufu, kwa kemikali inaitwa merkaptani. Watu wakatulia.

Kwa mitungi ya kubebeka, Marekani iko strikti. Mtungi una tarehe, na baada ya miaka 12 lazima ukaguliwe kabla ya kujazwa tena. Tangu Aprili 1, 2002, mtungi mdogo wa kawaida usio na vali ya kuzuia kujazwa kupita kiasi haujazwi. Sababu ni kwamba propani hupanuka ikipata joto, ndio maana tangi hujazwa asilimia 80 tu.

Lakini tangi la motahomu limefungwa kabisa chini ya gari. Linaundwa kwa kanuni tofauti, na sheria ya mitungi hailipangii tarehe ya kukaguliwa tena. Kama limeundwa 1985, hiyo ni juu ya mwenye gari. Na huko chini kuna matope, mawe, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu.

Hapa ndipo mambo huharibika. Tangi likikaa tupu huku vali iko wazi, hewa na unyevu huingia, chuma kinashika kutu ndani. Kutu hiyo humeng'enya merkaptani. Unajaza gesi, harufu inafifia, gesi inabaki. Na propani ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo inatambaa sakafuni. Mtu amelala, pua yake haina habari.

Sisi tuna mtungi wa kilo 6 karibu na kitanda kwa bedsita, na chuma ni chuma. Usinunue gesi kwa mtu anakupea mtungi umeliwa na kutu, hata akikupunguzia bei. Kila ukibadilisha mtungi, paka maji ya sabuni kwa vali na mpira. Mapovu yakitokea, funga, fungua madirisha, usiguse swichi. Ukisikia harufu, toka. Usipoisikia, bado angalia. Wale watoto wa New London hawakunusa chochote.